Kipindupindu kikiingia nyumbani: kwanza maji ya mgonjwa, kisha klorini

Kinachomuua mgonjwa wa kipindupindu ni kuishiwa maji. Sumu ya bakteria wake, Vibrio cholerae, huufanya utumbo mwembamba umwage maji na chumvi bila kusimama, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Ndiyo maana aliyeamka mzima asubuhi anaweza asifike magharibi. Asipotibiwa, hali ikiwa mbaya, hata nusu ya wagonjwa hufariki. Akirudishiwa maji kwa wakati, hafi hata mmoja kati ya mia. Kwa hiyo anza na kikombe, ndoo ya klorini itafuata.

Utaujua kwa choo chake. Kuhara huja ghafla, kwingi, majimaji matupu, mara nyingi bila homa na bila msokoto mkali wa tumbo. Baada ya muda choo huwa cheupe kama maji yaliyooshea mchele, na ndani yake huelea vipande vidogo vya ute. Kutapika hufuata, halafu misuli ya miguu inakaza. Ukiona damu kwenye choo, huo huenda ni ugonjwa mwingine, lakini kituoni aende vilevile. Kisha mpime ukavu: finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, uiachie. Ngozi ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, macho yamezama, amelegea au hawezi kunywa, anahitaji dripu sasa hivi. Tafuta usafiri, na kama ana fahamu na anameza, mnyweshe njiani.

Pakiti moja ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni ya lita moja kamili ya maji safi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanamimina nusu pakiti kwenye glasi kwa kukadiria, au wanapunguza maji wakidhani dawa itakuwa na nguvu zaidi. Mchanganyiko uliozidi chumvi humzidishia mgonjwa hatari, hasa mtoto. Pima kwa chupa ya maji ya lita moja. Ukikosa, chupa tatu za soda za mililita 350 zinakaribia kabisa. Mchanganyiko ukimaliza saa 24, mwaga, tengeneza mwingine. Pakiti zikikosekana, tia kwenye lita moja vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Onja kabla ya kumpa: isizidi chumvi ya machozi.

Kiasi ni hiki. Mwenye ukavu wa kati, yaani amekauka lakini hajafikia dalili za kuhitaji dripu, apewe mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa nne: mtoto wa kilo 20 lita moja na nusu, mtu mzima wa kilo 60 lita nne na nusu. Ndiyo, ni nyingi kweli, na wauguzaji huogopa. Wasiogope. Baada ya hapo, kila anapoharisha mtoto chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili hadi tisa mililita 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano aongezewe zinki, miligramu 20 kwa siku, siku kumi.

Usikimbilie flajili, haitibu kipindupindu. Dawa za kufunga tumbo nazo ziache kabisa, maana hazizuii maji kuvuja ndani ya utumbo, zinakuficha tu usijue ni kiasi gani kimepotea. Antibiotiki zinazofaa zipo, lakini hutolewa na mhudumu wa afya kwa waliozidiwa, na hazichukui nafasi ya maji.

Kwenye kituo, dripu ya kwanza ni Ringer laktati, maji ya dripu yenye chumvi, mililita 100 kwa kilo. Kuanzia mwaka mmoja, mililita 30 kwa kilo ziingie kwa dakika 30, na 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Mtu wa kilo 60 anapata lita 1.8 kisha lita 4.2. Mtoto chini ya mwaka mmoja hupewa polepole zaidi: saa moja kwa 30 na saa tano kwa 70. Dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 5 peke yake haifai, kwa sababu haina chumvi alizopoteza. Chini ya kitanda cha mgonjwa chenye tundu la choo weka ndoo yenye alama za lita, usome kinachotoka ili ujue cha kurudisha.

Sampuli ya choo ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Kipimo cha haraka kinatosha kupiga kengele, ila uthibitisho ni wa kuotesha: usufi uliolowa choo huwekwa kwenye chombo cha Cary-Blair, chenye ute wa kuwahifadhi bakteria, na kusafirishwa katika joto la kawaida. Ukiutia kwenye friji, bakteria hawa wanadhoofika. Maabara huuotesha kwenye agari ya TCBS, chakula maalumu cha bakteria hawa, na baada ya saa 18 hadi 24 huonekana makundi ya rangi ya njano. Mlipuko ukishathibitishwa, hakuna haja ya kupima kila mmoja, na matibabu hayasubiri majibu hata siku moja.

Sasa klorini. Kosa kubwa ni kumwaga kwa jicho. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 hupimwa kwa kijiko cha chakula kilichosawazishwa, kama gramu 15. Kijiko kimoja kwenye lita 20 za maji hutoa dawa yenye klorini asilimia 0.05, ya kunawia mikono pale sabuni isipopatikana na ya kuloweka nguo na vyombo. Vijiko vinne kwenye lita 20 ni asilimia 0.2, ya sakafu, kitanda na choo. Vijiko viwili kwenye lita moja tu ni asilimia 2, ya matapishi, kinyesi na maiti. Ukitumia jiki (klorini ya maji ya dukani) ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu 16 za maji ni ya sakafu. Sehemu tatu kwa mbili za maji ni ya matapishi. Matapishi yafunike kwa dawa, yaache dakika kumi, ndipo uyaondoe. Nguo zinazochuja rangi chemsha dakika tano, uanike juani.

Klorini hufa upesi. Tengeneza kila siku, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mbali na jua, chuma kinaliwa. Ondoa kwanza uchafu unaoonekana, kwa kuwa klorini humalizikia hapo. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Itatoa gesi ya kuumiza mapafu.

Maji ya kunywa: kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji angavu, viwili kama yana tope baada ya kuyachuja kwa kitambaa safi, subiri dakika 30. Au yachemshe mpaka yatokote. Yatunzwe kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, mkono usizamishwe ndani. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma na kuchota maji ya Ziwa Kivu, kipindupindu kiliwaua kwa maelfu ndani ya wiki chache. Mahali penye watu wengi, ndoo yenye klorini kwenye kituo cha kuchotea huokoa kuliko chochote.

Kupuliza dawa ndani ya nyumba za wagonjwa ni kazi ya kuonekana tu. Inakula muda na klorini, inawaaibisha wenye nyumba, na watu wanaanza kuficha wagonjwa. Wapeni sabuni, dumu, vidonge na pakiti za ORS.

Msiba ukitokea, wanaoosha maiti wavae glavu, watumie dawa ya asilimia 2, wazibe matundu ya mwili kwa pamba iliyoloweshwa humo, na wasiguse chakula cha matanga. Kisha hesabuni siku tano kwa kila aliyekula au kulala na mgonjwa: atakayeharisha anywe ORS palepale, asisubiri mpaka achoke.