Plastiki nyumbani: anza na maji ya kunywa

Wiki moja kabla ya Ramadhani, mke wa kaka yangu alinipigia simu. "Wifi, njoo unisaidie. Kiwanda chote kimejaa chupa, hata pa kuanikia nguo hapana." (Kiwanda kwetu ni ule ua wa ndani ya nyumba.) Nikatoka Langoni hadi kwake Mkomani, mitaa yetu ya hapa Lamu, nikashinda huko siku nzima. Hizi ndizo hatua tulizofuata, pamoja na makosa ambayo mimi niliyafanya zamani ili yeye asiyarudie.

Hatua ya 1: mwaga taka uzitazame

Usinunue kitu kwanza. Weka gunia kiwandani, kila plastiki ya nyumbani iingie humo kwa siku saba, kisha limwage uchambue mafungu. Lake tulipolimwaga, zaidi ya nusu ilikuwa chupa za maji. Lililofuata ni fungu la vipakiti vya sabuni ya unga, halafu pakiti za maziwa na mifuko ya mkate. Kwako huenda ikawa vingine. Anza na fungu kubwa, hata kama dogo ndilo linalokuudhi zaidi.

Hatua ya 2: kikapu

Kikapu cha miyaa, kitundikwe karibu na mlango. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini ile mingine laini inayojifanya kitambaa ni plastiki vilevile; ikichakaa inamomonyoka vipande vipande. Mimi siitaki. Samaki wasikuharibie kikapu: nenda na sufuria kuukuu yenye kifuniko, au mwambie muuzaji akutungie.

Hatua ya 3: mtungi wa udongo badala ya chupa

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, wakarudia chupa. Mimi mwenyewe nilipasua mtungi wa kwanza siku ileile niliyoununua. Nilikuwa nimechemsha maji, nikaona nisipoteze muda, nikayamimina yangali moto. Ukalia *ta!* na ufa ukashuka kutoka shingoni hadi kitako. Maji yakafika mpaka chumba cha wageni.

Basi, unaponunua, uinue kwa mkono mmoja na uugonge kwa kifundo cha kidole. Mzima unalia kama kengele. Ukisikia "bu", uweke chini, una ufa hata kama huuoni. Usichukue uliopakwa rangi ya mafuta nje, wala usiupake wewe ukifika nyumbani. Mtungi unapoza maji kwa sababu unatoka jasho: maji yanapenya udongo kidogo kidogo, yanakauka kwa upepo, na yakikauka yanaondoka na joto. Ukiziba vile vitundu kwa rangi, umebaki na ndoo nzito.

Ukishafika nao, ujaze maji ya kawaida, uuache usiku kucha, umwage. Fanya hivyo siku tatu. Wifi alionja siku ya pili akakunja uso: "Mai haya yanuka udongo." Yatanuka, ndiyo, na ndiyo maana tunamwaga. Usijaribu kuharakisha kwa sabuni. Udongo unainywa sabuni, na utakunywa povu mwezi mzima. Sugua ndani kwa makumbi ya nazi na maji matupu, kisha uanike.

Halafu ufukize. Weka makaa mawili matatu kwenye chetezo, tia ubani, ufudikize mtungi juu yake. Dakika chache tu, moshi ukianza kutoka pembeni mwa mdomo inatosha. Nilipouacha wangu nikaenda kukuna nazi, maji yalikuwa machungu siku nne. Wengine wanapenda udi. Mimi nasema udi ni wa nguo na wageni, tena bei yake si ya kuchezea. Maji yanataka ubani.

Pa kuuweka: penye upepo na kivuli, juu ya kigoda au sinia la mchanga, usigusane na sakafu. Nilipouweka wangu chini, chokaa ya sakafu ililowa ikaanza kubanduka, na kitako cha mtungi kikaota ukungu. Ukiona unga mweupe nje, usishtuke. Maji yetu ya visima yana chumvi, nayo hubaki maji yanapokauka. Upige brashi ukiwa mkavu. Siku ambazo hewa ni nzito na haina upepo, usitarajie ubaridi wa friji.

La kutilia mkazo: mtungi hausafishi maji. Chemsha kwanza, yaache yapoe kabisa, ndipo umimine. Ufunike kwa kawa, na mtu ateke kwa kata. Mikono na vikombe vya watoto visiingie. Kila wiki umwage wote, uusugue, uuanike.

Hatua ya 4: dukani

Mafuta ya kupimiwa, kwa chupa yako mwenyewe. Sabuni ya mche badala ya vipakiti.

Hatua ya 5: maganda na punda

Maganda ya ndizi, muhogo na matikiti usiyafunge kwenye mfuko wowote. Punda wetu wanazunguka mitaani, na harufu ya chakula ikitoka ndani ya mfuko, punda hafungui fundo, anakula vyote. Plastiki inamziba matumbo, unamwona anagaragara huku tumbo limevimba. Kwa wifi tumeweka ndoo mbili: ya maganda, na ya vitu vikavu. Ya maganda anaifuata jirani mwenye mbuzi kabla ya alasiri.

Na jiko liwashwe kwa makumbi, si kwa vipande vya plastiki. Najua plastiki inashika moto upesi. Lakini moshi wake una sumu, nawe umeuinamia ukipepea.

Kilichobaki

Kuna watakaokwambia usihangaike, plastiki siku hizi inatengenezewa vitu. Ni kweli. Lile jahazi la plastiki chakavu na ndara lililoundwa hapahapa Lamu lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, nami nalionea fahari. Ila jahazi moja halitakuondolea chupa za kila siku. Chupa zako zikusanye kavu, bila mabaki, umpe anayekusanya.

Mifuko ya mkate ilinisumbua mpaka mwisho, kwa sababu mkate wa dukani huja nao. Wifi ndiye aliyepata dawa yake bila mimi. Sasa anamtuma mtoto asubuhi akanunue mikate ya mofa, ile ya kuokwa kwenye tanuri la udongo, anaipokea ingali moto na kuifunga kwenye leso kuukuu.