Kumwalika mgeni kwa Kiingereza: kikao, shughuli na vyenginevyo

Anayefanya kazi hotelini Nungwi, kwenye ofisi ya mradi Chake Chake au kampuni ya utalii Mji Mkongwe, iko siku ataambiwa aandike mwaliko kwa Kiingereza. Kosa linaloongoza ni kulishika neno mkutano na kuliandikia “meeting” kila linapojitokeza. Kwetu mkutano ni wa watu watano ofisini, wa maelfu uwanjani na wa marais pia. Mwingereza anataka kujua kwanza watu wanakuja kufanya nini: kuamua, kusikiliza, kujifunza, kula au kuomba dua. Jijibu hilo kabla ya kushika kalamu.

Wanaokaa kujadiliana na kuamua jambo, wana ajenda na mwenyekiti, hiyo ndiyo “meeting”. Kwenda kumwona daktari, wakili au meneja kwa saa mliyoagana ni “appointment”. Rafiki hawekewi “appointment”. Andika tu “I am meeting a friend”. Neno “date” kaa nalo mbali, maana likimhusu mtu ni miadi ya wapenzi, na lishawatahayarisha wengi. Chumba na meza ya chakula huwekewa “booking” au “reservation”.

Mkutano wa hadhara wa chama cha siasa ni “rally”. Wanakijiji wakiitwa kuzungumzia maji au bandari, andika “public meeting”, kwani “rally” itamfanya mgeni atafute bendera na vipaza sauti. Wakuu wa nchi wakikutana ni “summit”. SACCOS na vyama vya ushirika vina “annual general meeting”, kwa kifupi AGM. Mkutano mkuu wa dharura ni “extraordinary general meeting”, na hapo “extraordinary” haina maana ya ajabu, ni kuwa umeitwa nje ya ratiba.

Kwenye mambo ya mafunzo, “conference” ni kongamano lenye mada na wasemaji wengi, watu hujiandikisha, na mara nyingi huchukua zaidi ya siku moja. “Seminar” ni ya kundi dogo: mtaalamu anawasilisha, wengine wanahoji. “Workshop” ni warsha ambayo mshiriki anafanya kazi kwa mikono yake na kuondoka na kitu. Ukiiita “workshop” kisha ukawasomea watu slaidi kutwa nzima, wakinung'unika wana haki.

Vitenzi navyo vina mitego. Mkutano “we hold” au “we have”, si “we make”. Kuhudhuria ni “attend the meeting”, bila ya “to”. Kujadili bajeti ni “discuss the budget”, bila ya “about”. Kuahirisha ndiko kunakochanganya zaidi, kwa sababu Kiingereza kimekugawa. Kikao ambacho hakijaanza kikisogezwa mbele ni “postponed”. Kilichokwisha funguliwa kikasimamishwa, tuseme watu wametoka na akidi imevunjika, ni “adjourned”. Katibu akikosea hapo kwenye kumbukumbu, msomaji ataelewa kuwa kikao hakikufunguliwa kabisa.

Shughuli za majumbani ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa. Kwanza neno lenyewe: “kesho nina shughuli” si “I have activities”. Sema “we have a family function tomorrow”, kisha eleza ni ya nini. Arusi ina sehemu zake. Kufungwa ndoa msikitini ni “the nikah” au “the wedding ceremony”; karamu ya ukumbini ni “wedding reception”, na maneno yote mawili yaandikwe, la sivyo mgeni wa hotelini atakwenda kusimama mapokezi. “Send-off” ya bibi arusi inaeleweka Tanzania, lakini mgeni wa Ulaya atadhani mtu anaagwa kwa safari. Ongeza “the bride's farewell party”. Mkusanyiko wa wanawake wa kumfunda na kumtunza bibi arusi usiuite “hen party”, kwani kwa Waingereza hiyo aghalabu huwa na ulevi.

Khitma na maulidi kamwe si “party”, hata kama pilau ni masufuria kumi. Khitma ya marehemu iandike “Qur'an recitation and prayers for the late”, ukafuatisha jina lake. Maulidi yaache yalivyo, “Maulid”, na mstari mmoja wa maelezo: “recitation in praise of the Prophet”. Matanga nayo hayalingani na “wake”, ambayo kwa asili ni mkesha wa kabla ya maziko. Bora “the family is receiving condolences”.

Barza, pale watu wanapokaa nje kuzungumza, haina neno, na usilitafute. Watu wa Jaws Corner, Mji Mkongwe, wanaokunywa kahawa na kubishana siasa hawakualikwa na mtu, kwa hiyo hata “get-together” haiwafai. Andika wanachofanya: “people meet here for coffee and talk”. Mabaraza rasmi ya Zanzibar yana majina yake: la Wawakilishi ni “House of Representatives”, la Mapinduzi ni “Revolutionary Council”.

Neno likishapatikana, mwaliko mwingi huharibikia kwenye saa. Saa nne asubuhi ni “10 a.m.”, toa au ongeza sita kisha ihakiki tena. Saa sita mchana andika “12 noon”. “Baada ya Isha” haimwambii kitu asiyesali, muandikie “8 p.m.”. Hatari kubwa ni usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu yetu usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo maulidi ya usiku wa Ijumaa kwa mgeni ni “Thursday night”. Ukiandika “Friday night” atafika siku ya pili yake, amevaa vizuri, akute mikeka imeshakunjwa. Tarehe nayo taja mwezi kwa jina, kwa sababu 3/4 kwa Mmarekani ni Machi.

Mwisho wa kadi weka anayopaswa kuyajua kabla hajatoka: “Please dress modestly”, “Shoes are left at the door”, na panapohusika, “Men and women sit separately”. Ukitaka jibu andika RSVP pamoja na namba ya simu, lakini usitangulize “please”, kwani imo tayari ndani ya herufi hizo za Kifaransa.