Chumvi kwenye chakula cha asili: jinsi ya kuitumia bila kuiogopa na bila kuizidisha

Tukisema mtu amekula chumvi nyingi tunamaanisha ameishi siku nyingi, na ukiutazama huo msemo vizuri hausemi aliila kwa mkupuo, ni kidogo kidogo kila siku kwa miaka mingi. Naanzia hapo maana siku hizi kuna anayeikimbia chumvi kama sumu, na kuna anayesema chakula cha asili hakina madhara kwahiyo anamwaga tu, na wote wawili wanakosea.

Mama yangu alipokutwa na presha aliambiwa apunguze chumvi, basi, apunguze wapi na kwa kiasi gani hakuambiwa, tukarudi nyumbani tukaanza kupika vyakula vimepooza kabisa mpaka akawa anakula vijiko viwili anaisukuma sahani. Ile hali iliniuma sana. Nikaanza kupima, kusoma na kujaribu jikoni, na haya ninayoandika ndio yaliyotusaidia.

Chumvi ina kazi mbili, usizichanganye

Mwili unahitaji chumvi, hilo halina ubishi. Sodiamu yake inasaidia mishipa ya fahamu kupeleka taarifa, misuli kukaza na kuachia na maji kukaa kwenye kiwango chake mwilini, na kloridi inatumika kutengeneza ile asidi ya tumboni. Ila kinachohitajika ni kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, hiyo haijai hata kijiko kimoja cha chai, wakati wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Ikizidi hivyo maji mengi yanabaki kwenye damu, presha inapanda, na taratibu ubongo, moyo na figo ndio vinaumia.

Sasa kabla ya friji chumvi ndio ilikuwa friji. Samaki, nyama, mboga, vyote vilikaa miezi kwa sababu ya chumvi, na kwa kazi hiyo lazima iwe nyingi, huwezi kuibania. Hiyo ni chumvi ya kuhifadhi. Halafu kuna chumvi ya ladha, hii ni kidogo tu kwenye sufuria. Shida inaanza pale mtu anapokula kilichohifadhiwa kwa chumvi kama chakula cha kawaida, sahani nzima, halafu anaongeza na ile ya ladha juu yake.

Angalia mkoa wa Akita kaskazini mwa Japani. Baridi kule ni ndefu, watu walizoea mboga za kuchachusha, samaki wa chumvi na supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa kwa chumvi, chakula cha asili kabisa, lakini miaka ya 1950 na 1960 vifo vya kiharusi vilikuwa juu mno, na vilikuja kushuka watu walipoanza kupimwa presha na kufundishwa kupunguza chumvi. Upande wa pili kuna Wayanomami wa msitu wa Amazoni, utafiti mkubwa wa nchi 32 uliotolewa 1988 uliwakuta karibu hawatumii chumvi kabisa, na wastani wa presha yao ulikuwa kama 95 kwa 61. Nao wanakula cha asili. Kwahiyo neno asili peke yake halikwambii kitu, uliza chumvi imeingia wapi na kiasi gani.

Anza na pakiti yako

Hii ndio hatua naipenda kuliko zote na haihitaji mizani. Ukifungua pakiti mpya ya chumvi andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha hesabu siku. Pakiti ya kilo 1 kwa watu wazima watano wanaokula gramu 5 kila mmoja inatakiwa ifike siku 40, na kwa kuwa mkate, sosi na vitu vya dukani vina chumvi yao tayari, inatakiwa ipite hapo. Ikiisha siku ya 20 maana yake kila mtu amekula gramu 10 kwa siku, bila kuhesabu ya dukani. Kama kuna watoto, siku ziwe nyingi zaidi. Chumvi uliyotumia kutengenezea mboga za kuchachusha itoe kwenye hesabu, au nunua pakiti yake pembeni, mimi nafanya hivyo.

Jikoni kwenyewe

Chagua chungu kimoja cha kutia chumvi. Wengi tunatia kwenye wali, tunatia kwenye mboga, tunatia kwenye nyama, halafu mezani kuna kichupa, na mdomoni vyote vinakutana kwenye tonge moja. Wanga upike bila chumvi, mchuzi ndio uwe na chumvi, utashangaa kwamba hakuna anayegundua. Na kichupa kiondoe mezani, anayetaka ainuke akifuate.

Usiutie chumvi yote mchuzi ukiwa na maji mengi, kwa sababu maji yanaondoka na mvuke lakini chumvi haiendi popote, mchuzi uliokuwa sawa mwanzo baada ya nusu saa unakuwa mkali. Tia nusu mwanzoni ili iingie ndani ya chakula, nusu iliyobaki ingoje mwishoni, onja kwanza ndio uamue. Na usionje kikiwa kinachemka, ulimi unaoungua hausomi kitu, chota kidogo pembeni kipoe.

Nyama ni habari nyingine. Kipimo changu ni gramu 8 mpaka 10 kwa kilo, yaani kilo moja ikiliwa na watu watano kila mtu kapata gramu 2 tu kutoka kwenye nyama, na bado ina ladha mpaka ndani. Siri iko kwenye muda. Ukipaka chumvi inaanza kwa kuvuta maji nje, utaona nyama imelowa, halafu yale maji yenye chumvi yanaanza kurudi ndani taratibu. Ukiipika katikati ya hapo unapata nyama ambayo juu ina chumvi na ndani haina, na inagoma kukauka vizuri kwenye moto. Kwahiyo ama ipake dakika ile ile unayoipika, ama iache saa zima au zaidi, na ikilala kwenye friji usiku ndio inakuwa tamu kabisa.

Maharage watu wengi wanaamini chumvi inayafanya magumu. Jaribu hivi, loweka kwenye maji yenye gramu 15 za chumvi kwa lita 1 usiku mzima, asubuhi mwaga, suuza, chemsha na maji mapya. Ganda linalainika kwa sababu sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu na magneziamu zinazokaza ganda. Kuna chumvi kidogo inabaki ndani, kwahiyo ile ya kwenye mchuzi ipunguze.

Mboga zenye uchungu zinataka chumvi kidogo hata kama unabana kwingine, maana chumvi inazima uchungu kwenye ulimi, na ni bora mtu ale bakuli la mboga lenye chumvi ndogo kuliko asile kabisa. Mboga, matunda na maharage ndio yana potasiamu, na potasiamu inausaidia mwili kutoa sodiamu iliyozidi. Ila ukichemsha mboga kwenye maji mengi halafu ukamwaga yale maji umemwaga na potasiamu yenyewe, tumia maji kidogo tu na funika.

Ladha nyingine zikiwepo chumvi inapungua bila vita. Kwetu ndimu ilifanya kazi kuliko kitu chochote, matone machache mwishoni na ulimi unahisi kama chumvi ipo. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, nyanya zilizokaangwa mpaka zikakauka vizuri, vyote vinasaidia. Vile vidonge vya supu havisaidii, vimejaa chumvi, na sosi ya soya kijiko kikubwa kimoja kina zaidi ya gramu 2 za chumvi.

Ukizidisha bahati mbaya, kile kiazi cha kutumbukiza kwenye mchuzi hakifanyi lolote, kinanyonya maji na chumvi yake kwa pamoja, mchuzi uliobaki una ukali ule ule. Ongeza maji au ongeza vitu visivyo na chumvi, basi.

Kuchachusha kabichi, hapa chumvi usiibanie

Nilisema chumvi ya kuhifadhi haibaniwi na hapa ndio mahali pake. Kipimo ni asilimia 2 ya uzito, yaani kabichi kilo 1 kwa gramu 20 za chumvi. Hapa tumia mizani, usitumie kijiko, kwa sababu kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe havina uzito sawa hata kidogo.

Katakata kabichi nyembamba, nyunyiza chumvi, kanda kwa mikono kama dakika 10 mpaka maji yake yenyewe yatoke. Shindilia kwenye chupa safi ya kioo, maji yafunike kabichi yote, juu weka kitu kizito kisafi kinachoizuia isielee, funika bila kukaza maana gesi lazima itoke. Chumvi pale inazuia bakteria wa kuozesha, wale wanaotengeneza asidi ya laktiki wanaivumilia, wanakula sukari ya kabichi na kuifanya iwe chachu kiasi kwamba wabaya hawawezi kuishi tena. Ukitia chumvi kidogo kwa sababu ya presha, umewafungulia mlango wale wabaya, kabichi inalainika na kunuka. Kwenye joto la nyuzi 18 mpaka 22 inachukua wiki tatu mpaka nne, kukiwa na joto zaidi inawahi lakini inakuwa laini. Utando mweupe mwembamba juu unaenguliwa tu, ila ukiona ukungu wa manyoya au wenye rangi tupa chupa yote usijaribu kuokoa.

Halafu unabania mezani. Gramu 50 za hiyo kabichi zina gramu 1 ya chumvi, hiyo ni sehemu ya tano ya siku yako, kwahiyo inakuwa ya pembeni, kijiko kikubwa kimoja au viwili, na mchuzi wa siku hiyo unapikwa karibu bila chumvi. Ile kabichi ndio chumvi ya mlo.

Samaki wa chumvi vile vile. Loweka saa 24 sehemu ya baridi, badilisha maji mara tatu au nne, na ukimpika usitie chumvi kabisa. Na asiwe wa kila siku, maana vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi vikiliwa mara kwa mara vinahusishwa na saratani ya tumbo, na samaki wa chumvi wa mtindo wa kusini mwa China amewekwa rasmi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Chumvi ipi ununue

Ya mawe, ya bahari, ya pinki, nyeupe, zote ni karibu kitu kile kile. Ile ya pinki inayoitwa ya Himalaya inachimbwa Khewra nchini Pakistani na rangi yake ni chuma, kiasi chake ni kidogo mno kukusaidia. Cha kuangalia kwenye pakiti ni madini joto. Uswisi ilianza kuyaweka kwenye chumvi 1922 na Marekani 1924 kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Kwahiyo mjamzito anayepunguza chumvi ahakikishe ile kidogo anayokula ni yenye madini joto. Ifunike vizuri, mbali na moto na unyevu, na kutia mwishoni kunasaidia yasipotee.

Kuna chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Kule China walijaribu kwa watu karibu elfu 21 vijijini, matokeo yalitoka 2021, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Ni nzuri lakini mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari, na wanaotumia baadhi ya dawa za presha waulize kwanza.

Mtoto chini ya mwaka mmoja asitiliwe chumvi kabisa, figo zake bado, toa chakula chake pembeni kabla hujatia. Na mtu anayeharisha huyo chumvi anaihitaji haswa, kama huna pakiti za dukani ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimefutwa juu visirundike, usibadilishe hivyo vipimo.

Kuhusu kuzoea, usikate yote siku moja kama tulivyomfanyia mama. Punguza kama robo, kaa nayo wiki mbili tatu, halafu punguza tena. Ulimi unajifunza lakini unataka muda, hesabu miezi miwili mitatu. Kwetu mwezi wa kwanza ulikuwa wa malalamiko, wa pili kimya, wa tatu mama akaonja mkate wa dukani akauliza mbona umejaa chumvi hivi. Pakiti yetu ya mwisho, sisi watano, ilienda siku 52.