IST au Forester? Lijaribu kabla hujalipa

Wateja wangu hapa Kimara swali lao ni lilelile: fundi, nichukue Toyota IST au Subaru Forester? Mimi nauliza kwanza unaishi wapi. Kama kwenda kwako ni makorongo, IST itakwangua chini kila jioni. Kama ni lami mpaka getini, IST yenye injini ya lita 1.3 inakutosha kabisa.

Nenda kwa muuzaji asubuhi uliwashe gari mwenyewe, likiwa la baridi. Ukikuta muuzaji ameshalipasha moto, rudi kesho. Kisha lipandishe mlima mkiwa wanne, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kwenye matuta zima redio: ukisikia kitu kinagonga chini, huenda ni bushi (mipira ya viungo vya chini) au shokapu.

Usalama watu wanaupita haraka. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya eabegi (mfuko wa hewa) iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa, na hiyo naiogopa kuliko inayowaka muda wote. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne zinazofunga namba ya DOT, ile inayoanza na herufi hizo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umeshakauka.

Mafuta? Ukiruhusiwa kukaa nalo, jaza tenki, tembea wiki, jaza tena pampu ileile, ugawe kilomita kwa lita ulizoongeza. Halafu spea: Forester SG5, yaani toleo la pili, ina mkanda wa taiming ndani ya injini unaobadilishwa kwa ratiba, IST ina cheni badala yake. Bei ya mkanda ulizia Gerezani kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.