Ng'ombe hashiki mimba? Kabla hujampeleka mnadani jiulize unamwangalia saa ngapi

Huku kwetu kuanzia Marangu, Uru, Kibosho mpaka kule Tengeru ng'ombe akirudia joto, yaani akitaka dume tena baada ya kupandishwa, mara mbili tu utasikia kashaanza kusemwa, mara huyu tasa, mara mbegu feki, mara jirani ana jicho baya. Mie nimeshaingia mabanda mengi na ntakuambia ukweli, mara nyingi ng'ombe hana shida yoyote, shida ni saa.

Mfano ni ng'ombe wa mama yangu mwenyewe. Usiku mmoja kaanza kulia kwenye saa nne, mama akajua njaa, akamkatakatia mgomba akamwekea, akanyamaza kidogo afu akaendelea. Asubuhi kimya, anacheua zake, maziwa tu yamepungua kama nusu lita hivi. Kesho kutwa yake mama anakamua anaona damu kidogo imegandia kwenye mkia, simu hiyo, mwanangu ng'ombe anaumwa njoo. Haumwi mama, ndo joto lenyewe lilikuwa juzi usiku na limeshapita. Damu ile ya siku moja mpaka tatu baada ya joto haina maana kwamba umempandisha au hujampandisha, haisemi kama mimba imeshika, inakuambia tu joto limepita, kwahiyo andika tarehe na uanze kumchungulia tena kuanzia siku ya 16 hivi.

Joto linarudi kila baada ya siku 21, wengine 18, wengine 24. Ila lenyewe halikai, masaa 12 hadi 18, na ng'ombe anayetoa maziwa mengi anaweza asifikishe hata masaa 10. Afu wengi linawaanza usiku au alfajiri wakati kuna baridi na wewe umejifunika blanketi. Sasa wewe unayemwona saa mbili asubuhi ukimwaga majani na saa kumi ukikamua, utaliona saa ngapi hilo joto? Mchungulie alfajiri, mchana, na usiku kabla hujalala na tochi yako, kama dakika 20 kila mara, na usiende na ndoo ya pumba maana akiona pumba anasahau kila kitu.

Dalili ya uhakika ni moja, anasimama akipandwa. Hapa watu wanachanganya sana, anayepanda siyo lazima awe ndo mwenye joto, anayetulia akipandwa ndiye. Akikimbia bado, au ameshamaliza. Ila kwenye zero grazing, yaani kufugia na kulishia bandani, ng'ombe yupo peke yake kafungwa, atapandwa na nani? Ndo maana inabidi uangalie vingine: ute usio na rangi unaovutika kama wa yai bichi unaning'inia ukeni au umepakaa kwenye mkia, uke umevimba na ndani ni mwekundu, hatulii, analia, hali vizuri, maziwa yanashuka. Kama unao wawili watoe nje kwenye udongo asubuhi na jioni, sakafu ya sementi inateleza na ng'ombe anayeogopa kuanguka hapandi mwenzake hata joto liwe kali vipi.

Ukishaliona, sheria ni rahisi. Umeona asubuhi, apandishwe jioni. Umeona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Sababu ni kwamba yai linatoka masaa kama 10 hadi 12 baada ya joto kuisha na halidumu, mbegu ndo zinatakiwa zitangulie kulisubiri. Kwahiyo ukimpigia mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mbegu za mrija bila dume, mpe saa uliyoona dalili ya kwanza, usimwambie tu "njoo haraka", maana kuwahi sana nako ni hasara.

Na yeye akija mwangalie. Mbegu, hata zile zinazotoka kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, zinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, afu mrija unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu nyuzi 35 hadi 37 hapohapo bandani. Aliyekuja na bodaboda na mrija mfukoni, mpe chai arudi zake.

Dume la kijiji silipendi, nasema wazi. Linaenda banda hadi banda na linabeba magonjwa ya kutupa mimba, na ukichunguza unakuta ndo baba wa huyohuyo mtamba (jike ambaye hajazaa) unaempelekea. Na kama mtamba wako alizaliwa pacha na dume usihangaike nae, zaidi ya tisa kwenye kumi wa hivo hawazai.

Aliyezaa mpe siku 45 hadi 60 kizazi kirudi vizuri ndo umpandishe. Kama zimepita 60 na hujaona kitu, angalia chakula kwanza, mgomba ni maji matupu jamani, mwongezee majani ya maana, pumba na jiwe la madini. Akipandishwa saa sahihi mara tatu na bado anarudia, hapo sasa ita daktari wa mifugo amkague kizazi.

Mama siku hizi ana kalenda imetundikwa jikoni, ya mwaka juzi, anaandika nyuma yake kwa mkaa. Joto lililofuata alilinasa saa tano usiku, asubuhi mhimilishaji akawepo, na kwenye siku ya 283 tangu apandishwe pale pameandikwa "ndama", ikakosea siku mbili tu.