Mistari 47, rangi moja
Grafu ikiwa na mistari mingi, mathalani mwenendo wa bei katika kaunti zote 47 za Kenya, usiupe kila mstari rangi yake. Paka yote kijivu hafifu, kisha ule aliouchagua msomaji uwe na rangi iliyokolea, na jina lake liandikwe mwishoni mwa mstari wenyewe (hili la jina naliona muhimu kuliko hata rangi). Jicho hudaka papo hapo rangi moja iliyo tofauti. Zikiwa nyingi, msomaji hushinda akirudi kwenye ufunguo, yaani orodha inayoeleza kila rangi ni ya kaunti gani. Kwenye simu, weka kisanduku cha kutafutia kaunti. Mbinu hii hushindwa pale msomaji anapotaka kulinganisha kaunti nyingi kwa pamoja: hapo chora grafu ndogondogo, moja kwa kila kaunti, zote kwa kipimo kilekile.