Mazoezi ya dramu wakati seti ni ya kanisa

Wapigaji wengi wa Kigoma hawana seti yao. Seti ni ya kanisa au ya bendi, nawe unaikalia jioni ya mazoezi ya kwaya na siku ya ibada, basi. Kwa hiyo mikono ijenge nyumbani. Muda wa seti ni wa miguu.

Kata kipande cha tairi kuukuu la gari, ukubwa wa sahani, ukigundishe kwenye ubao na kukiweka juu ya stuli, usawa wa kitovu ukiwa umekaa. Mto haufai kwa kuanzia: kijiti hakirudi, nawe utazoea kukinyanyua kwa bega.

Vijiti vilivyoandikwa 5A vinawatosha wengi, urefu kama sentimita 40 na unene kama milimita 14. Viviringishe juu ya meza: kinachoyumba kimepinda. Kisha kigonge kila kimoja kwenye ubao. Vikitoa sauti mbili tofauti, chagua vingine.

Shika kijiti theluthi moja kutoka kitakoni, kati ya gumba na kidole cha shahada, vile vitatu vilivyobaki vikifuata tu. Dondosha ncha kwenye mpira. Ukiwa umeshika vizuri, kijiti kitadunda chenyewe mara nne au tano. Ukikibana, kinakufa papo hapo. Fanya hivi kwa mkono wa kushoto kabla ya jambo lingine lolote, maana kwa wengi ndio unaobeba snea (dramu ndogo yenye nyaya chini, iliyo mbele yako), na ndio unaochoka wimbo wa tatu.

Sasa washa metronomu ya simu (programu inayolia kwa kasi isiyobadilika), milio 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila mlio: kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Dakika tano bila kusimama. Jirekodi, kisha sikiliza yale mapigo mawili yanayofuatana ya mkono mmoja. Karibu kila mara la pili ni hafifu, kwa sababu kifundo cha mkono kimepiga la kwanza na la pili limeachwa lijidundie. Dawa yake ni kushuka hadi 50 na kulipiga la pili kwa kufunga vidole, kwa makusudi liwe kubwa kuliko la kwanza. Yakilingana, ongeza 4 tu, si 20. Kifundo kikianza kuuma, simama. Mara nyingi maumivu hayo yanatokana na kubana.

Kwenye seti, rekebisha kiti kwanza: goti liwe chini kidogo ya nyonga, la sivyo mguu wa besi (dramu kubwa inayopigwa kwa pedali) utachoka mapema. Halafu fanyia kazi rumba, maana Kongo iko ng'ambo tu ya ziwa na sherehe za huku zinadai sebene, ile sehemu ya kuchezea ambapo magitaa yanachangamka. Hesabu 1 hadi 16. Mguu wa kulia unapiga besi kwenye 1, 5, 9 na 13. Mkono wa kulia uko kwenye haihati (matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu) kila namba witiri. Wa kushoto unagonga ukingo wa snea kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Kinachokwamisha ni 4, kwa kuwa inaangukia mahali ambapo kiungo kingine chochote hakipigi. Piga besi na kushoto peke yake mpaka 4 ikae, ndipo uongeze haihati. Tony Allen wa Nigeria, aliyempigia Fela Kuti, alisifika kwa namna viungo vyake vinne vilivyofanya kila kimoja kazi yake, na njia ya kufika huko ni hii hii ya kuunganisha viwili viwili.

Kosa linalokimbiza bendi nzima ni kuongeza kasi unapohamia kwenye tomu (dramu nyingine za seti) kupamba. Piga baa tatu za kawaida (baa ni mzunguko mmoja wa 1 hadi 16), ya nne pambo, metronomu ikiendelea. Ukirudi kwenye 1 ukiwa mbele ya mlio, punguza mapigo ya pambo.

Anayeanza kulipwa aende na vijiti pea mbili, funguo ya kukazia ngozi na pedali yake kama anayo. Asiache pia vizibo vya masikio vya sponji: snea iko karibu sana na sikio, na pamba ya kawaida haizuii vya kutosha.